Kuwasha Land Rover kwa hendeli, betri ikiwa imechoka

Ndugu wa Njoro, umeuliza kama Series III ya petroli ya babako inaweza kuwashwa kwa hendeli (chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mbele ya gari) asubuhi za baridi, maana betri imechoka. Inawezekana, lakini kwanza chunga kidole gumba. Usikizungushe kwenye mpini. Kilaze upande mmoja na vidole vingine. Injini ikipiga kinyume, hendeli hurudi kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mjomba wangu kule Molo alibisha, akala plasta wiki sita.

Weka nyutro, vuta breki ya mkono, vuta choki (ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi). Kabla ya kufungulia swichi, ingiza hendeli mpaka ishike, uizungushe polepole mara mbili tatu petroli ifike. Sasa fungulia swichi, tafuta pale inapokuwa nzito, kisha vuta kwenda juu kwa mkono wa kushoto, mara moja, kwa ghafla. Kusukuma chini ndiko kunaumiza watu.

Betri ikiwa imekufa kabisa utatoa jasho bure, kwa sababu koili, inayopandisha nguvu ya umeme, inahitaji umeme wa betri ndipo plagi zitoe cheche. Ikigoma, angalia pointi za distributa (swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wa koili) kabla ya kulaumu mikono yako.