Niliacha Kuigiza Mbele za Mungu

Kwa miezi minane niliongoza sifa kanisani huku moyoni sina hata neno moja la kumwambia Mungu. Mama alikuwa amefariki. Tulifunga, tukakesha, tukazishika ahadi moja baada ya nyingine, na bado tulimzika. Siku chache baadaye nilikuwa madhabahuni, mikono juu, sauti imara. Watu waliniambia wamebarikiwa. Nami nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani.

Kama uko hapo sasa, sikuandikii kukukemea. Najua uzito wa kuitikia "Amina" isiyotoka moyoni.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kumwabudu Mungu ni kumficha uchungu wangu. Nilipolalamika kidogo tu, nilijiambia nakufuru. Ndipo usiku mmoja nikaifungua Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Maneno hayo yamo ndani ya Biblia! Tena yalitungwa yaimbwe, yapewe mwimbishaji, kusanyiko zima liyasikie. Nikasoma na ya 88, zaburi ya wana wa Kora, waimbaji wa hekaluni. Hiyo haina hata mstari wa kugeukia tumaini mwishoni. Inaishia gizani. Lakini tangu mwanzo hadi mwisho mwandishi anazungumza na Mungu, hajamgeuzia kisogo.

Nilipiga magoti nikaisoma kwa sauti, nikaweka jina la mama pale palipouma. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Ile ndiyo ibada yangu ya kwanza ya kweli baada ya msiba, na hapakuwa na kinanda wala mtu wa kusema amebarikiwa. Yesu alimwambia yule mwanamke Msamaria kisimani kwamba Baba anawatafuta wamwabuduo katika roho na kweli. Mimi nilikuwa nimeishika roho kwa bidii zote, kweli nikaiacha mlangoni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: mwambie Mungu kilichopo, si kile unachodhani angependa kusikia. Ukikosa maneno, azima ya zaburi. Marta na Mariamu walimwambia Yesu, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba kama angalikuwapo ndugu yao hangalikufa. Hakuwakemea. Alilia.

Kuhusu tumaini, ilinichukua muda kuelewa. Nilichokuwa nacho awali kilikuwa matarajio: mama atapona. Yalipovunjika nikadhani imani nayo imevunjika. Paulo anaanzia pengine kabisa katika Warumi 5: dhiki huleta saburi, saburi huleta uthabiti wa moyo, na uthabiti huleta tumaini. Tumaini linakuja mwisho, baada ya kuvumilia. Nilikuwa nimelitafuta mlangoni, kumbe liko chumba cha ndani. Na halisimami juu ya jibu nililolitaka. Linasimama juu ya Kristo aliyefufuka, ambaye mama naye yuko mikononi mwake. Hilo naliamini hata siku ambazo silihisi.

Mengine ni madogo. Niliomba kupumzishwa kuongoza sifa, na nakusihi usione aibu kufanya hivyo. Tafuta pia mtu mmoja mcha Mungu anayeweza kukaa nawe kimya. Wenye majibu ya haraka wasikilize kwa upole, kisha uende zako. Wala usiache kwenda ibadani. Nilikaa kiti cha nyuma wiki nyingi nikiwasikiliza wengine wakiimba yale ambayo mimi nilishindwa kuyaimba, na imani yao ilinibeba.

Niliporudi madhabahuni, nilianza wimbo aliokuwa akiupenda mama. Ubeti wa pili sauti ilikatika. Sikujikaza wala sikutabasamu. Nilisimama tu, machozi yakinitoka. Dada mmoja pale mbele akaupokea, kisha kanisa lote.