Aloi ileile, mrija mmoja unapinda, mwingine unakatika

Mkuu, umeuliza kwa nini mirija miwili ya Zircaloy-4 (aloi ya zirkoni ya kuvikia fueli ya nyuklia), yenye cheti kimoja cha viambato (bati kama asilimia 1.5, chuma na kromu kidogo), imepishana hivyo ulipoibana. Mimi swali hilo lilinila wiki kadhaa nikiwa mwanafunzi maabara, narudia kupima viambato tu. Kumbe nilipaswa kutazama punje za metali, yaani fuwele ndogo zinazoiunda.

Mrija ukikandamizwa na kurefushwa ukiwa baridi, punje hulala ndefu. Ukiupasha kidogo kutoa mkazo, chini ya nyuzi 500 za Selsiasi, zinabaki ndefu na mrija unabaki na nguvu. Ukipita nyuzi 550 hivi, punje huzaliwa upya, za duara: mrija unalainika na kuvutika zaidi.

Sasa weka hidrojeni. Ndani ya kinu cha nyuklia, maji ya moto hula zirkoni na sehemu ya hidrojeni huzama kwenye ukuta. Kwenye nyuzi 400 zirkoni humeza hidrojeni kama sehemu 200 katika milioni kwa uzito. Ikipoa, karibu yote inatemwa kuwa vibamba vya hidraidi (mchanganyiko wa zirkoni na hidrojeni), na hidraidi haipindi, inakatika. Kila kitu kinategemea vimelalaje. Vikizunguka mrija kama maganda ya kitunguu, ufa unapata shida kupenya. Vikisimama kutoka ndani kwenda nje, ufa umefunguliwa njia, na ukuta wenyewe ni milimita 0.57 tu.

Nilikata pete, nikaisugua hadi ing'ae, nikaipitisha kwenye asidi (ina floridi, inapenya hadi mfupani, usiishike bila msimamizi). Kwenye darubini hidraidi ni mistari myeusi. Mrija wa punje ndefu, mistari ililala. Wa punje za duara, niliokuwa nimeupoza ukiwa na shinikizo ndani, mingi ilisimama wima, kwa sababu mipaka ya punje za duara inaelekea kila upande. Nilipoubana ukalia kama kijiti kikavu.

Ndiyo maana Marekani, fueli iliyotumika ikihifadhiwa pakavu, mwongozo unataka joto la mirija lisizidi nyuzi 400 katika hali ya kawaida: hidraidi zikiyeyuka kisha zikaganda tena huku gesi inasukuma ukuta, husimama.

Kata pete moja kila mrija, tuwekee picha humu. Na uwaulize waliokuuzia: mara ya mwisho waliipasha nyuzi ngapi?