"Viza ya uhakika" ya Italia: jibu kwa mama wa vijana wawili

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Tabata, Dar es Salaam, na tuna vijana wawili, wa miaka 13 na 16. Juni shule zikifungwa tunataka kwenda Italia siku kumi: Roma, Firenze na Venezia. Mume wangu ameajiriwa, mimi nina duka la vitambaa. Salio letu benki si kubwa sana. Kuna kaka mmoja anasema ana "viza ya uhakika": ataingiza milioni 60 kwenye akaunti yetu kwa wiki mbili, atatutengenezea hoteli na bima, na ombi atalipeleka ubalozi wa nchi nyingine ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) anayosema ni rahisi kuliko Italia. Anataka milioni sita, nusu kabla. Tumkubalie? Na tukifika, tuwafanyie nini vijana ambao hawataki kusikia habari za makumbusho? – Mama wa wawili

JIBU: Dada, usimpe hata shilingi. Na kama ameshachukua pasipoti zenu "azitunze", zifuate leo hii.

Maswali ya namna hii napata kila likizo inapokaribia, na kiini chake ni kilekile: watu wameaminishwa kwamba afisa wa viza anaangalia mstari wa mwisho wa taarifa ya benki, akikuta namba kubwa anagonga muhuri. Hakuna imani inayonikera kama hiyo, kwa sababu ndiyo inayowalisha vishoka. Afisa anasoma taarifa yote ya miezi kadhaa. Anaona mshahara wa mumeo ukiingia tarehe zilezile, mauzo ya duka yakiingia kidogokidogo, ada za shule na kodi ya pango zikitoka. Kisha analinganisha na barua ya mwajiri, leseni ya biashara na gharama za safari mliyoieleza. Akaunti iliyozunguka kwenye milioni chache miezi yote, halafu wiki ya mwisho ikaangukiwa na milioni 60, inajieleza yenyewe kwamba fedha hiyo ni ya kuazima. Hapo hata mshahara wa kweli unaanza kutiliwa shaka.

Kwa hiyo msihangaike na ukubwa wa salio. Hangaikeni na hesabu: safari mnayoiomba inagharimu kiasi gani, na kipato chenu kinaonyesha vipi kwamba mnaimudu? Kama siku kumi na miji mitatu ni mzigo, ombeni siku saba, Roma na Firenze tu. Familia yenye kipato cha kawaida na maelezo yanayolingana inasomeka vizuri kuliko familia yenye mamilioni yasiyo na asili.

Hoteli za kughushi ndizo zinazonishangaza zaidi, maana hazina haja yoyote. Hoteli nyingi zinakuruhusu kuweka nafasi kwa jina lako na kuifuta bure ndani ya muda uliotajwa. Ndege nayo unaweza kuweka nafasi kwanza, ukalipa tiketi viza ikitoka. Yaani kishoka anakuuzia karatasi ya uongo ya kitu ambacho ungekipata kihalali ukiwa umekaa dukani kwako. Ubalozi ukipiga simu hoteli na jina lenu halipo, umeingia kwenye kundi la waliowasilisha nyaraka za kughushi, na hilo ni kosa zito kuliko kukosa fedha.

Bima ni hatari zaidi. Schengen inataka bima ya afya ya safari isiyopungua yuro 30,000, inayogharimia matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani. Bima ya kweli ya siku kumi ni sehemu ndogo sana ya bajeti yenu. Ile ya kishoka itapita mezani labda, lakini kijana wako akiteleza ngazini Venezia akavunjika mkono, utakuta namba ya bima haipo kwenye kampuni yoyote duniani, na bili ni yako.

Kuhusu "nchi rahisi": ombi linapelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Ninyi siku zote kumi ni Italia, basi ni Italia. Anayepeleka kwingine lazima atunge safari ya uongo, na uongo huo mtausafiria ninyi, si yeye. Polisi wa mpaka pale Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, wana haki ya kuwauliza mnalala wapi, mna fedha gani na mnarudi lini. Viza iliyopatikana kwa udanganyifu wanaweza kuibatilisha palepale, vijana wenu wakiwa wamesimama kando na mabegi yao.

Na hapa nakuomba usome polepole. Kila mtoto ana fomu yake ya ombi, na sahihi iliyo chini ya fomu hiyo ni ya mzazi. Kuanzia miaka 12 mwombaji anatoa alama za vidole, kwa hiyo wenu wote wawili watatoa. Taarifa za ombi, pamoja na kukataliwa na sababu yake, zinakaa kwenye mfumo wa viza wa Schengen kwa hadi miaka 5, na kila ubalozi wa nchi hizo unaziona. Huyo wa miaka 16 atakuwa anatafuta chuo bado rekodi ipo. Fomu za Uingereza na Kanada nazo zinauliza kama umewahi kunyimwa viza na nchi yoyote. Mtoto hajaghushi kitu, lakini jina lililoandikwa ni lake. Mzazi anayelipa milioni sita kwa ajili hiyo hajawahi kuelezwa anachonunua.

Njia ya halali ni hii. Ombi linapokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15. Kwa Juni, tafuteni miadi mapema. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila unaweza kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu, na punguzo la watoto linaishia miaka 11, kwa hiyo ninyi wanne ni yuro 360, mbali na ada ya kituo kinachopokea maombi kama kipo. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na miezi 3 baada ya kutoka Schengen. Cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto kutoka RITA kiangalieni sasa: jina la baba lililoandikwa kwa herufi tofauti na pasipoti linakwamisha familia nyingi zisizo na hatia. Na ikitokea mumeo akabaki, ridhaa yake ya maandishi kwa safari ya watoto ni lazima.

Sasa vijana. Makumbusho na maeneo ya kale ya serikali ya Italia ni bure kwa walio chini ya miaka 18, wa taifa lolote: Colosseo, ule uwanja wa kale wa Roma, na makumbusho ya sanaa ya Firenze, Uffizi na Accademia yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Wabebe pasipoti. Makumbusho ya Vatikani ni ya nchi nyingine, hapo watalipa kiingilio cha punguzo. Kwa kuwa ni bure, hamna sababu ya kuwakalisha saa nne mbele ya picha. Ingieni saa moja, tokeni. Wapandisheni kuba la kanisa kuu la Firenze, ngazi 463, wafike juu wakiwa wanahema. Roma wapelekeni kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya San Callisto. Mpeni mmoja kazi ya kusoma ratiba za treni. Roma hadi Firenze ni kama saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia ni saa mbili na kidogo. Makanisani mabega na magoti yafunikwe. Na wakidai mpira, waambieni mapema kwamba ligi kuu ya Italia, Serie A, huisha Mei. Atakayewauzia tiketi ya mechi ya ligi katikati ya Juni ni tapeli.

Maana vishoka hawaishii Dar es Salaam. Tiketi za Colosseo zina majina ya wageni na huanza kuuzwa siku 30 kabla, na kwa miaka kadhaa zilikuwa zikiisha kabla mtu wa kawaida hajazigusa. Mwaka 2025 mamlaka ya ushindani ya Italia ilitoza faini za karibu yuro milioni 20 kwa kampuni iliyokuwa ikiendesha mauzo hayo na mawakala wengine sita, baadhi yao wakitumia programu za kununua tiketi kwa mkupuo. Nunueni kwenye tovuti rasmi, siku ya kwanza zinapotoka. Vijana nao wachukulieni tiketi yao ya bure, msisubiri kuiomba getini.

Wasomaji wengine walioandika baada ya kunyimwa, jibu langu ni lilelile. Barua ya kukataliwa ina sababu zilizowekwa alama. Isomeni kabla ya kumsikiliza mtu. Kwa Italia rufaa inapelekwa mahakama ya utawala ya Lazio, Roma, ndani ya siku 60, ingawa kama kasoro ilikuwa nyaraka pungufu, kuomba upya kwa nyaraka kamili mara nyingi ni haraka zaidi. Anayewaambia mchukue pasipoti mpya "kufuta" rekodi anawadanganya. Alama za vidole mlizotoa ndizo zinazowatambulisha, na hakuna ofisi ya uhamiaji inayotoa vidole vipya.