Maswali na Majibu: Serikali na Tabianchi, Kutoka Alaska hadi Msimbati

Makala yetu iliyopita kuhusu vijiji vya kaskazini ya mbali ya dunia imeleta maswali mengi kutoka Lindi na Mtwara. Hapa nayajibu machache, kwa kadiri ya nafasi.

Uliandika kwamba huko Alaska kuna kijiji kimehamishwa chote. Ni kweli? Na gharama alilipa nani? (Msomaji, Mikindani)

Ni kweli. Kijiji hicho kinaitwa Newtok, magharibi mwa Alaska, jimbo la Marekani, na kilikuwa na wakazi wapatao 350 wa jamii ya Yup'ik. Ardhi ya huko imeganda chini mwaka mzima, na inapoyeyuka kwa sababu ya joto, ukingo wa mto hubaki tope lisilo na cha kulishikilia. Mto Ninglick ulizoa jaa la taka la kijiji mwaka 1996, kisha mwaka 2005 ukachukua gati la kushushia mizigo. Wanakijiji walianza kupanga kuhama mwaka 1994, wakachagua wenyewe mahali penye mwamba ng'ambo ya mto, panapoitwa Mertarvik, na mwaka 2003 Bunge la Marekani likaidhinisha kubadilishana ardhi. Hata hivyo, familia za kwanza zilihamia Oktoba 2019, na za mwisho mwaka 2024.

Kuhusu gharama, hakukuwa na mlipaji mmoja, na hapo ndipo miaka thelathini ilipokwenda. Hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kisheria wa kuhamisha kijiji kizima. Ofisi hii ilitoa fedha za nyumba, ile za uwanja wa ndege, nyingine za barabara, na kila moja ilikuwa na masharti yake. Wanakijiji walipoomba hali yao itangazwe kuwa maafa, mapema mwaka 2017 walikataliwa, kwa kuwa utaratibu wa maafa ulitungwa kwa ajili ya dhoruba au mafuriko yenye tarehe, wala si kwa mto unaomega ardhi hatua kwa hatua. Dola milioni 25 za serikali kuu zilitangazwa Novemba 2022. Ikiwa nchi tajiri kiasi hicho imeyumba namna hii kwa watu 350, basi tatizo halikuwa fedha peke yake, bali pia kukosa mwenye jukumu.

Barafu ya huko inatuhusu nini sisi? (Msomaji, Shangani)

Barafu inayoelea baharini ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha maana. Ile iliyo juu ya nchi kavu, hasa Greenland, ndiyo inayopandisha, na pia maji ya bahari yenyewe hutanuka yanapopata joto. Tangu 1993 usawa wa bahari duniani umepanda kwa zaidi ya milimita 3 kwa mwaka kwa wastani. Ni kidogo kwa macho, lakini hujumlishwa juu ya bamvua na juu ya mawimbi ya kusi.

Mei 2024 barabara ilikatika Somanga tukalala njiani. Huko kwenye baridi wanajengaje barabara zisikatike? (Dereva wa lori, Nangurukuru)

Pole sana, ndugu yangu. Kimbunga Hidaya kilipopita karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, mvua zake zilizoa barabara upande wa Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa na Dar es Salaam.

Kaskazini mwa Kanada vijiji vingi hupata mizigo kwa malori yanayopita juu ya mito na maziwa yaliyoganda. Majira ya baridi yanapofupika, njia hizo huchelewa kufunguliwa na huwahi kufungwa. Ndiyo maana kati ya Inuvik na Tuktoyaktuk ilijengwa barabara ya kudumu, yapata kilomita 140, iliyofunguliwa Novemba 2017. Waliijenga kwa sehemu kubwa wakati wa baridi kali, wakitandika kitambaa maalumu na kumwaga kifusi juu yake bila kuchimba, kwa sababu ukiichimba ardhi iliyoganda unaialika iyeyuke. Pamoja na uangalifu huo, kuna sehemu zimetitia na zinahitaji matengenezo ya mara kwa mara.

Kwetu jambo la kuangalia ni kalvati na madaraja. Kalvati hupimwa kwa kumbukumbu za mvua zilizopita, na mvua ikizidi kumbukumbu hizo, maji hutafuta njia juu ya tuta. Kwa hiyo barabara inapotengenezwa, wananchi wana haki ya kuuliza iwapo kipimo cha kalvati kimebadilishwa au imerudishwa ileile, kwa kuwa kurudisha ileile ni kuahirisha tu safari ya kukwama.

Mvua ikinyesha wakati wa kuokota korosho, serikali inatufidia? (Mkulima, Tandahimba)

Usiitegemee fidia. Msaada ulio karibu nawe ni utafiti na utabiri: kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele kwa mbegu na ushauri wa ugonjwa wa ubwiri unga, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa mvua zetu za Novemba hadi Aprili kabla hazijaanza. Ukisikia mvua zitawahi, okota kila siku na uanike juu ya turubai au kichanja, maana korosho iliyolala kwenye udongo mbichi hushuka daraja.

Bahari inatumega kila mwaka. Kijiji kifanye nini ili serikali itusikie? (Mjumbe wa halmashauri ya kijiji, Msimbati)

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji. Kwa vimbunga utaratibu huo una mazoezi tayari: Aprili 2019 watu wa Mtwara walitakiwa kuondoka maeneo ya mabondeni kabla ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Mmomonyoko hauna king'ora, kwa hiyo lazima ninyi muwe king'ora chake.

Chagueni alama zisizohama, kama kona ya msikiti, kisima au mnazi mkongwe. Kila bamvua kubwa pimeni kwa futi kamba kutoka alama hiyo hadi maji yalipofika, pigeni picha, kisha andikeni kipimo na tarehe kwenye muhtasari wa mkutano, na mwenyekiti na mtendaji watie saini na muhuri. Kisima kikianza kuonja chumvi, nalo liandikwe. Muhtasari huo upelekwe kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ya wilaya kabla bajeti haijafungwa. Wakati huohuo tekelezeni yaliyo mikononi mwenu: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na sheria ndogo ya kijiji inaweza kuzuia uchimbaji mchanga na ukataji mikoko. Nasema hili nikijua kwamba mara nyingi anayechimba mchanga ni jirani au shemeji.

Tulihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji. Isije ikawa tunahamishwa tena, sasa kwa jina la tabianchi? (Mzee, Newala)

Shikamoo, mzee wangu. Hofu yako ina msingi, na hata kaskazini wanayo. Mwaka 1953 na 1955 serikali ya Kanada iliwahamisha Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya huko, kutoka Inukjuak hadi Resolute na Grise Fiord, mbali zaidi kaskazini, wakaachwa kwenye giza na baridi wasivyovizoea. Serikali iliomba radhi mwaka 2010. Watu wa Newtok, kwa upande mwingine, walichagua mahali wenyewe, na ingawa walicheleweshwa mno, hakuna aliyewatupa wasikokujua.

Kwetu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wanakijiji washirikishwe na fidia ikubaliwe kabla ardhi yao haijachukuliwa. Ikiwa siku moja mtaitwa kuzungumzia kuhama, nendeni wengi, na waulizeni wataalamu mambo matatu kabla ya kujadili nyumba: maji yatatoka wapi, shamba la mikorosho litafikiwaje, na makaburi yatatunzwa na nani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, na nakala ibaki kijijini.