Mashine ndogo ya CNC kwa karakana ya nyumbani Dodoma: usianze na ukubwa wa meza

Mkuu, umeuliza hivi: una chumba cha uani Nkuhungu, una kama milioni tatu na nusu, uchukue CNC ndogo (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya 3018 au ujikaze uagize 6040, na kama zote zitakata ubao, alumini na "hata chuma kidogo". Wadau waliotangulia wamekwambia nunua kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Mimi siko nao. Nina 3018 na nina 6040, zote zinafanya kazi mpaka leo, hasa vibao vya majina ya ofisi na masanduku ya ilimba, ala ya muziki ya Wagogo, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona kwenye vumbi letu hili.

Hizo namba zinataja eneo tu. 3018 ni milimita 300 kwa 180, 6040 ni 600 kwa 400. Hazikwambii fremu inahimili nini, na fremu ndiyo unayolipia. Fremu ikiwa laini, kisu kinasukumwa na ubao badala ya kuukata, kinaanza kutetemeka, ukingo unatoka na mawimbi, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaoponya hilo. 3018 nyingi zimefungwa kwa profaili nyembamba za alumini na vipande vya plastiki au bakelaiti. Kuandika majina juu ya mninga na kuchonga saketi za umeme inaweza vizuri kabisa. Alumini nayo inakwanguliwa taratibu, sehemu ya kumi ya milimita kila mpito, lakini lazima uwe na subira.

Kabla ya kulaumu mashine yoyote, tazama urefu wa kisu kilichotokeza. Ukikitoa mara mbili zaidi, kinapinda mara nane kwa nguvu ileile. Unene unafanya kinyume chake: kisu cha milimita 6 kinapinda mara 16 pungufu kuliko cha 3 chenye urefu sawa. 3018 huja na visu vya shina la milimita 3.175, na mota yake ya 775 haina nguvu ya kusukuma kisu kinene. Hapo ndipo 6040 inapoanza kustahili bei yake. Siyo kwa sababu ya meza.

Kwenye 6040 angalia skrubu kwanza. 3018 hutumia T8, skrubu yenye unene wa milimita 8, na nati yake ikilika inaacha mchezo, yaani ulegevu. Ukichonga duara, linatoka na kijinundu kila mashine inapogeuza mwelekeo. 6040 nzuri ina skrubu za gololi, nyingi ni za 1605, yaani unene wa milimita 16 na mwendo wa milimita 5 kwa mzunguko. Muuzaji akikwepa kukutumia picha ya skrubu, achana naye. Reli pia: fimbo ya duara iliyoshikwa ncha mbili tu inapinda katikati, reli iliyolazwa kwenye kitako chake chote haipindi.

Kuhusu chuma, jibu ni hapana, na nitakwambia kwa nini ili usije ukashawishiwa na video. Kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) cha milimita 6 kwenye chuma laini kinataka mizunguko kama 1,300 kwa dakika. Spindo za 6040, yaani mota zinazozungusha kisu, zimetengenezwa kwa 24,000, na ukizishusha mpaka huko chini hazina nguvu iliyobaki. Chuma kinataka mashine nzito ya miling, mwili wake wa chuma cha kumimina, na hata ile ndogo ya mezani ina kilo hamsini na kitu. Kwa vipande vichache kwa mwaka, mpelekee fundi wa leth mtaani. Anakukerezea huku mnapiga stori.

Alumini kwenye 6040 ni jambo jingine. Tumia kisu cha jino moja, mizunguko 18,000, mwendo wa milimita 900 kwa dakika. Hapo kila jino linakula milimita 0.05, unashuka kina cha milimita 0.3 hadi 0.5, na unanyunyiza mafuta ya taa kidogo kidogo. Mwanzoni watu wanaogopa, wanapunguza mwendo. Wanachopata ni kisu kinachosugua badala ya kukata, alumini inayeyuka na kugandia kwenye jino, kisu kinavunjika. Ukiona unga badala ya chembechembe, ongeza mwendo au punguza mizunguko.

Sasa umeme, na hapa naomba usome taratibu maana maduka hayakwambii. Bodi ya 3018 inaendeshwa na programu iitwayo GRBL, na bodi hiyo inaweza kuishi kwa umeme wa waya wa USB kutoka kwenye laptopu. Mota zinakula volti 24 kutoka kwenye adapta yake. Umeme ukikatika, laptopu ina betri, kwa hiyo bodi inabaki macho, inaendelea kusoma faili na kuhesabu hatua, huku mota zimelala. Umeme ukirudi baada ya dakika mbili, mashine inadhani ipo mbele kumbe ipo palepale. Inashuka pasipo mahali pake na kupitisha kisu katikati ya jina la mteja. Kwangu imetokea na kibao cha mninga, kilichobaki nilikigeuza kigingi cha mlango.

Dawa yake ni swichi za kikomo, zinazoguswa mashine inapofika mwisho wa mwendo wake, kwenye mihimili yote mitatu. Ukiwa nazo, baada ya umeme kurudi unaiamuru mashine itafute nyumbani kwake, na kwa kuwa GRBL inahifadhi sifuri ya kazi yako (G54) kwenye kumbukumbu isiyofutika, unarudi palepale ulipoanzia, ili mradi ubao haujasogea. Mashine nyingine huuzwa bila swichi hizo, au nafasi zake zipo kwenye bodi lakini hazijafungwa. Ziagize pamoja na mashine. Ongeza UPS ndogo kwa adapta na bodi. Spindo ya kilowati 1.5 au 2.2 usihangaike kuitafutia UPS, ila vuta waya mmoja wa ishara kutoka kwenye invata (kifaa kinachoendesha spindo) uende kwenye bodi, ili spindo ikizima faili lisimame nalo. Na hakikisha waya wa ethi wa nyumba unafika ardhini kweli. Invata inarusha makelele ya umeme yanayoweza kukata mawasiliano ya USB katikati ya kazi, na ethi mbovu inaongeza hilo.

Ukikuta mtu anauza mashine ya mtumba kutoka Marekani, soma kibati: ikiwa ni volti 110, utahitaji transfoma, maana kwetu ni 230. LUKU yenyewe haitakuua. Spindo ya 1.5 ikikaza kabisa saa nzima inakula uniti moja na nusu, na kwa kawaida inakula pungufu ya hapo. Lakini kama upo kwenye tarifu ya D1, ile nafuu isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, piga hesabu kwanza.

Spindo ya kupozwa kwa maji ina kelele ndogo, na majirani watakupenda, ila usiijaze maji ya bomba. Maji ya Dodoma unayajua, angalia tu birika lako lilivyojaa magamba ndani. Nunua maji ya betri pale sheli, changanya na kulanti ya gari, weka ndoo ya lita kumi au zaidi. Ukishindwa na hilo, chukua ya kupozwa kwa hewa na uvumilie kelele.

Kiangazi upepo ukianza, vumbi jekundu linaingia hata dirisha likiwa limefungwa, na skrubu yenye mafuta mengi inalishika na kujisaga yenyewe. Paka kidogo, futa kila wiki, funika mashine kwa turubai ukimaliza. Vumbi la kazi yenyewe ni baya zaidi. La mpingo linawasha ngozi na pua, barakoa siyo hiari hapo. Na kama utanunua kichwa cha leza, usikate PVC hata siku moja: moshi wake una hidrojeni kloridi, unaumiza mapafu na kuozesha mashine.

Basi kwa milioni tatu na nusu yako. Kama kazi ni vibao na michoro, chukua 3018 yenye swichi za kikomo, na fedha iliyobaki nunua visu, UPS, vakyumu na mbao za kuharibu. Programu hulipii: Inkscape kwa maandishi, FreeCAD kwa vipande vyenye vipimo. Ukitaka alumini kwa dhati, subiri mpaka bajeti ibebe 6040 yenye skrubu za gololi pamoja na usafiri wa kontena la pamoja unaopimwa kwa CBM (mita za ujazo), VAT ya asilimia 18, wakala, na gari la kutoka Dar. Bei ya tangazo ni kama nusu ya utakachotoa. Na epuka ile inayodai programu ya Mach3 kwa waya wa tundu la printa la zamani, laptopu za sasa hazina tundu hilo.

Ikifika, usiiwashe siku hiyo. Kaza bolti zote, barabara huwa imezilegeza. Kisha chonga mraba wa milimita 150 kwenye MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa), pima kutoka kona hadi kona pande zote mbili, vipimo vinatakiwa viwe sawa, karibu 212.1. Vikipishana, daraja la juu linalobeba spindo halijakaa skwea. Legeza upande mmoja, sukuma, kaza, chonga tena. Ukikwama hapo weka picha, tutaangalia.