Kwa nini wachezaji hawakuiamini Facebook ilipoinunua Oculus

Habari mkuu. Unauliza kwa nini wachezaji wa michezo ya kompyuta walikasirika Facebook ilipoinunua Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia pepe (VR), wakati ilileta pesa nyingi za kuiendeleza miwani hiyo.

Angalia kwanza pesa za mwanzo zilitoka wapi. Mwaka 2012 watu waliichangia Oculus zaidi ya dola milioni 2.4 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangia miradi, bila kupewa hisa. Machi 2014 Facebook ikatangaza kuinunua kwa takriban dola bilioni 2. Wamelima wao, kavuna mwingine! Markus Persson, muundaji wa mchezo wa Minecraft, alivunja papo hapo mazungumzo ya kuuleta mchezo huo kwenye Oculus.

Kwangu mimi, lililouma zaidi ni akaunti. Mwanzilishi Palmer Luckey aliahidi kwamba hutalazimika kuingia kwa akaunti ya Facebook kila unapotaka kutumia miwani. Oktoba 2020 miwani yao ya Quest 2 ikatoka, na bila akaunti hiyo hukuweza kuitumia. Ukifungiwa akaunti, michezo uliyoilipia ilibaki huko ndani. Sharti hilo liliondolewa 2022, zikaja akaunti za Meta (jina jipya la kampuni ya Facebook), ila watu walishachoka kuamini.

Tena miwani hii hufuatilia kichwa na mikono yako, na mwenye nayo anaishi kwa matangazo. Ndiyo maana kabla ya kununua kifaa chochote huwa nasoma kwanza kinadai akaunti gani.