Muulize Nahodha: Songo Mnara, asubuhi au alasiri?

SWALI: Shikamoo Nahodha. Mimi ni kijana wa kutembeza wageni hapa Kilwa Masoko. Mwezi ujao, siku moja baada ya mwezi mpevu, itatia nanga hapa meli ndogo ya utalii yenye wageni kama mia. Ratiba tuliyoletewa ya visiwa vyetu viwili vya magofu inasema Songo Mnara saa tatu asubuhi, Kilwa Kisiwani baada ya chakula cha mchana. Wenzangu wanasema ratiba ya meli haiguswi, lakini roho yangu inasita. Nifanyeje? – Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Marahaba, mwanangu. Roho yako inasita kwa haki. Ratiba hiyo igeuzwe: Kisiwani asubuhi, Songo Mnara alasiri.

Siku hizo ni za bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu yote, kuanzia huku kwetu Mikindani hadi huko kwenu, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Aliyeandika saa tatu aliangalia saa ya ukutani, hakuangalia bahari.

Unakujua kule kwenye mikoko ya Songo Mnara maji yakitoka. Boti za mpira zitakwama mbali, na wageni, wengi wao wazee wenye magoti ya kufanyiwa upasuaji, watashuka kwenye tope linalonyonya kiatu mpaka mguu utoke mtupu. Mizizi ya mikoko imesimama kama vijiti vya mishikaki, na anayejishikiza hapo huinuka na kiganja kilichochanika kwa chaza. Nimembeba mama mmoja mgongoni mahali pale, tukafika kwenye magofu akiwa hana hamu hata ya kuinua macho. Na chombo kikipwelewa, hakuna injini ya kukitoa, mtangoja maji.

Sasa wachukue alasiri. Saa nane maji yanaingia, boti zinapita kwenye mkondo bila kusukumwa. Wape muda wa kutosha kwenye zile nyumba za mawe na misikiti ya karne ya 14 na ya 15, kisha mwondoke kwenye saa kumi na nusu, maji yakiwa bado makubwa. Msichelewe. Maji ya bamvua yakianza kutoka hutoka kwa kasi, na jua letu likizama giza halichelewi.

Asubuhi Kisiwani haina shida hiyo. Watashukia karibu na Gereza, ile ngome ya kale, watakanyaga mchanga na tope kidogo, basi. Anza na Msikiti Mkuu, uwaonyeshe sehemu ya kaskazini, ambayo ni kongwe kuliko ile ya kuba. Lakini jambo ninalokuomba kwa dhati ni usiache Husuni Kubwa, lile gofu la jumba la sultani, kwa kisingizio cha umbali. Wakalishe kivulini karibu na lile birika la pembe nane, uwaambie kwamba Sultani al-Hasan ibn Sulaiman ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Waambie pia habari ya sarafu: za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hakuna mwenye uhakika zilifikaje huko. Nimeona wageni waliochoka na jua wakiamka kwa habari hiyo.

Wagawe makundi. Boti ya mpira hubeba watu kama kumi, kwa hiyo wa kwanza watasubiri sana wa mwisho. Kundi likishuka liondoke na mwongozaji wake. Vibali na viingilio malizeni Masoko kabla ya siku yenyewe, na wazee wa kijiji wapewe taarifa, maana wageni watapita katikati ya nyumba za watu. Anayetaka kupiga picha aombe kwanza.

Jambo moja liseme kwa ukali, hata mbele ya mkuu wa safari: hakuna kupanda kuta, wala boti kupita kasi kando ya mikoko. Magofu haya yaliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Bahari ilikuwa inakula kingo, na mikoko ndiyo inayolizuia wimbi lisifike ukutani.

Kuhusu wenzako: hakuna nahodha wa meli anayedharau majedwali ya maji. Chukua ya siku hiyo, andika saa za kupwa na kujaa kando ya ratiba yao, uitume wiki hii, wasingoje mpaka waone tope.